Mtu Mmoja Uani

Droni ilikuwa imelala juu ya meza ya jikoni, mikono yake minne imekunjwa, kati ya kikombe cha kahawa iliyopoa na mkate uliobaki tangu asubuhi. Nyuma yake, dirishani, dohani ya kiwanda cha sufu ilisimama wima kama ilivyosimama tangu enzi za babu zetu, matofali yake mekundu yamelowa mvua, haina habari kwamba Jumamosi saa tano asubuhi ingelazwa chini kwa baruti. Gyda Mjelde hakuitazama. Alikuwa akiitazama simu, akimngoja mtu wa mnara wa kuongozea ndege amrudie, na muziki wa kumtuliza mngojaji ulikuwa umeshamganda kichwani hata akajikuta akiuimba bafuni.

Kwa miaka mingi Gyda alikuwa mpiga picha wa televisheni, mpaka alipochoka kuelekezwa pa kusimama na vijana ambao yeye alikuwa ameanza kazi kabla hawajaota meno. Akaacha, akanunua droni, akafungua kampuni yenye mfanyakazi mmoja, naye ndiye. Alipiga picha za mapaa yanayovuja na vizimba vya samaki. Kisha kampuni ya kubomoa majengo ikamwita na kumwambia: piga filamu ya dohani ikianguka, tuione kutoka angani, na ikitupendeza basi kila tutakachokiangusha katika pwani hii ni chako kukipiga filamu. Isipowezekana, kule mji mkuu, Oslo, wapo watu ambao wameshafunga mabegi. Kwa mtu wa Bergen, mji wetu huu wa mvua, kushindwa ni jambo la kawaida, maana hata jua hutushinda. Lakini kushindwa na watu wa Oslo ni aibu isiyotajwa mezani.

Kurusha droni ni kazi ya muda mfupi. Kuruhusiwa kuirusha mjini kwa kazi ya biashara ndiko kulikomzeesha. Mamlaka ya anga walisema hawana neno, ila mnara uridhie. Mnara wakasema hawana neno, ila watu wa helikopta ya hospitali waridhie, kwani hupita pale pale. Watu wa helikopta wakataka kujua polisi wanasemaje. Polisi wakasema jambo hilo haliwahusu, ila ni lazima waarifiwe, na je, amewauliza mamlaka ya anga? Wote walikuwa wapole, wakimtakia siku njema kila walipomrudisha alikotoka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hakuna hata mmoja aliyemkatalia. Huku kwetu hukataliwi, unaombwa uelewe.

Hata hivyo alipigana nao kwa simu na kwa barua mpaka, siku chache kabla ya Jumamosi, ruhusa zote zikawa mkononi. Lilibaki jambo moja dogo: mahali pa kuirushia. Kampuni ilikuwa imefunga barabara zote zinazozunguka kiwanda, na sheria inamtaka mrushaji aione droni yake kwa macho muda wote. Gyda alizunguka bonde zima na viatu vyake vya mvua, akapanda huku, akashuka kule, asipate uwanja ambao kutoka hapo dohani huonekana kuanzia kisigino hadi utosi. Aliporudi nyumbani amechoka, akasimama uani pa jengo lake mwenyewe kutafuta ufunguo, akainua kichwa. Dohani ilikuwa mbele yake, nzima nzima. Alicheka peke yake.

Kicheko hicho kilimfikisha mlangoni tu. Ndani, juu ya masanduku ya barua, palibandikwa tangazo la mwenyekiti wa ushirika wa jengo: msaragambo wa masika ni Jumamosi kuanzia saa nne, uani, njooni na glavu. Chini ya maandishi palichorwa uso unaotabasamu, kama ilivyo desturi ya matangazo yetu yote, hasa yale ya kukaripia.

Msaragambo huo, kazi ya pamoja, sisi huuita dugnad. Mara mbili kwa mwaka kila aishiye ndani ya ushirika wa nyumba hushuka na reki, majani hukusanywa, mabenchi hupakwa rangi, na mwisho huchomwa soseji. Hakuna sheria inayokulazimisha kwenda. Kuna faini ndogo kwa asiyekwenda, na Gyda alikuwa amezoea kuilipa, mwaka baada ya mwaka, akidhani kwamba kulipa ndiko kumalizana. Alikuwa hajui kwamba katika jengo lile faini huhesabiwa kuwa tusi linalorudiwa.

Na sheria ya droni iko wazi: hairuhusiwi kuruka karibu na mtu asiyehusika na kazi hiyo. Gyda aliwaza jengo zima limeshika reki, limetapakaa uani kama kuku, akahisi machozi ya hasira yakimpanda.

Mwenyekiti alikuwa Steinar Aarekol, fundi wa lifti mstaafu ambaye kwa mzaha wa Mungu alikuwa akiishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Alimsikiliza Gyda akiwa amesimama kizingitini, mkono mmoja juu ya kitasa. Hakumkaribisha ndani, wala Gyda hakutegemea kukaribishwa. Miaka yote aliyokaa pale alikuwa hajawahi kuingia nyumba ya jirani, wala jirani kuingia kwake. Ndivyo tunavyoheshimiana.

"Naomba tuusogeze mbele wiki moja tu," Gyda alisema.

"Msaragambo hausogezwi, dada. Ulipangwa kwenye mkutano wa mwaka." Steinar alikohoa kidogo. "Sikukuona kwenye mkutano."

"Nilikuwa kazini."

"Ehe. Na msaragambo wa vuli?"

"Kazini vilevile."

"Mtu wa kazi nyingi wewe. Siku moja tutakuomba utusogezee Krismasi."

Gyda alipanda ngazi kwenda kwake ghorofa ya tano, uso unamwaka. Alikaa jikoni akaisoma tena sheria, neno kwa neno, kama mwenye njaa akwanguaye sufuria, na mle ndani akakuta mlango. Mtu aliyeelezwa mpango, akajua pa kusimama na la kufanya, kisha akakubali kwa hiari yake, huyo si mgeni tena, anahusika. Basi si lazima uwanja uwe mtupu. Ni lazima tu kila mtu awe amekubali. Wakati wa kuruka watarudi nyuma wasimame kando ya ukuta chini ya paa la baiskeli, wataangalia, na kisha watarudi kwenye majani yao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jioni ile Gyda alianza kubonyeza kengele ambazo hakuwahi kuzibonyeza. Watu walifungua milango wakiwa na soksi za sufu na midomo yenye chakula, wakamsikiliza vizuri, wakasaini. Lakini hawakumwacha aondoke hivi hivi. Mmoja alimwambia anafurahi kumfahamu na kumkaribisha jengoni, ilhali walikuwa wakipishana ngazini mwaka wa tisa sasa. Mwingine alimuuliza kama droni hiyo inaweza kukusanya majani. Steinar alisaini wa mwisho katika ghorofa za juu, akachukua muda kuifuta miwani yake, kisha akauliza bila kumtazama kama reki anayo au aazimwe. Gyda akasema aazimwe. Ilimuuma, lakini alisema.

Alibaki mtu mmoja, naye ni Borghild Nesse wa ghorofa ya chini.

Borghild aliingia kiwanda cha sufu akiwa msichana mwenye nywele za kusuka, akatoka siku kilipofungwa akiwa mjane mwenye magoti mabovu. Kila asubuhi, mvua isiponyesha sana, hukaa kwenye benchi la uani na themosi yake, blanketi mapajani, uso umeelekea dohani. Alifungua mlango kabla kengele haijanyamaza, maana habari zilikuwa zimeshashuka ngazi kumtangulia Gyda.

Gyda alimweleza yote: saa ngapi, wapi pa kusimama, kwamba hakuna hatari yoyote. Borghild aliishika karatasi mbali na macho yake, akaisoma mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nisiposaini mimi ni nani?" aliuliza.

"Ni lugha ya sheria tu, Bi Borghild. Mtu asiyehusika."

"Asiyehusika." Alilitamka taratibu. "Nimesimama chini ya bomba lile tangu sijaolewa. Mapafu yangu yanalijua. Wewe ulikuja hapa juzi na masanduku yako, na ndiye unayehusika?"

"Sikuitunga mimi."

"Najua hukuitunga. Filamu yenyewe ni ya nani?"

Gyda alisema ukweli kwamba ni ya kampuni inayobomoa, ya kuwaonyesha wateja. Angeweza kupamba kidogo, aseme kwamba ni kumbukumbu kwa vizazi vijavyo, lakini hakuwa hodari wa kupamba. Borghild alimrudishia karatasi.

"Basi mimi simo. Waangushe, ni mali yao. Lakini sitii jina langu nikaonekana niliwashikia taa wakibomoa. Jumamosi nitakaa kwenye benchi langu kama siku zote."

"Ukikaa hapo siwezi kuirusha."

"Sijakuzuia, binti. Nimekaa tu."

Kumla ng'ombe mzima ukashindwa na mkia ni jambo la kusikia kwa wengine. Gyda alilala nalo usiku huo na akaamka nalo. Siku ya Ijumaa alijaribu kila njia. Alimwomba Steinar aseme na mama yule. Steinar akaenda, akarudi na kipande cha andazi la iliki mkononi na habari kwamba haikuwezekana. Gyda alipendekeza benchi lisogezwe nyuma ya jengo kwa saa moja, lakini nyuma ya jengo dohani haionekani, na Borghild akasema hakungoja hadi leo ili aje kuangalia ukuta. Ndani ya nyumba yake pia haifai, kwani madirisha yake yote yanatazama mlima. Jioni akapiga simu Rolv Tveiten, msimamizi wa ubomoaji, mtu mwenye sauti ya changarawe, akiuliza kama kila kitu ni tayari. Gyda akasema tayari. Alipokata simu alipiga meza kwa kiganja, droni ikaruka kidogo ikatua palepale. Huo ndio mruko wake wa pekee wiki ile, aliwaza, na hata huo hakuuombea ruhusa.

Jumamosi kulipambazuka kukavu, mawingu yamekaa juu na upepo umelala, hali ya hewa ambayo Bergen hutoa kwa mwaka mara za kuhesabika, na aghalabu kwa watu wasioihitaji. Saa nne uani palijaa. Gyda alishuka na droni ndani ya sanduku lake, akaiweka juu ya bamba katikati ya majani makavu, akakunjua mikono yake. Kisha akapokea reki ya Steinar. Alikwangua kwa hasira, akivunja vichipukizi pamoja na majani, mpaka mwanamke mmoja akamsogelea na kumwonyesha kwa upole kwamba ile ni bustani ya maua ya tulipu.

Borghild alitoka na themosi. Alikaa. Alijifunika blanketi, akafungua kifuniko, mvuke ukapanda. Ukiacha yeye, kila mtu mle uani alikuwa ameshatia saini, na kila mtu alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho huku akijifanya anakwangua.

Mnara wakapiga simu kusema anga ni yake. Rolv akapiga kusema baruti zimefungwa, hakuna tena kurudi nyuma, saa tano kamili. Gyda aliweka simu mfukoni akaenda kusimama mbele ya benchi, reki bado mkononi.

"Bi Borghild, naomba mara ya mwisho."

"Umeshaomba vizuri. Sina la kukulaumu."

"Nimewaomba watu wote wa mji huu! Wenye ndege, wenye helikopta, polisi, nimebisha milango yote ya jengo hili, na wote wamekubali. Wewe peke yako. Ungeingia ndani robo saa tu ukatoka."

"Nikiingia ndani siioni. Dirisha langu linatazama mlima."

"Mlima, mlima! Langu linatazama dohani," Gyda alisema kwa ukali, "na sijawahi hata kuwa na muda wa kuitazama."

Reki zikanyamaza. Gyda mwenyewe alikuwa ameshalisema kabla hajalisikia. Alisimama pale, mdomo wazi kidogo, na neno lake likimrudia. Tangu Alhamisi alikuwa amehangaika na mabenchi, na sheria, na maneno ya sheria. Alikuwa amewaza kumwazima mama yule kiti, mwavuli, hata gari. Dirisha lake mwenyewe, lililokuwa mbele yake kila alipokunywa kahawa, halikumpitia akilini. Wala halikuwapitia wengine, Steinar na hekima yake yote akiwemo, kwa kuwa sote tumelelewa kuamini kwamba nyumba ya mtu ni ya mtu, na kwamba kumwalika jirani ni kumsumbua.

"Panda kwangu," alisema. "Kiti kipo dirishani. Utaiona yote."

Borghild alifunga themosi. Alilikunja blanketi mara mbili, akalaza mkunjo kwa kiganja.

"Ghorofa ya tano," alisema.

"Ya tano."

Steinar aliitupa reki yake akasema atampeleka yeye, Gyda abaki na mtambo wake, atampa ufunguo tu. Borghild akatikisa kichwa. Haingii nyumba ya mtu mwenyewe akiwa nje, alisema, hakulelewa hivyo; akialikwa na Gyda atapanda na Gyda. Gyda aliangalia saa. Muda ulikuwepo, wa kubana lakini ulikuwepo: ampandishe, amkalishe, ateremke mbio. Alimpa mkono.

Ghorofa ya kwanza walipanda vizuri. Ya pili Borghild alipumzika mara moja, akasema kwamba tangu mumewe afe hajapita hapa, na kwamba rangi ya ukuta waliibadilisha, ni nani aliichagua? Gyda alisema hajui. Hakuwa kwenye mkutano. Mkono wa mama yule ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, lakini vidole vilibana kama koleo, vidole vya mtu aliyekata nyuzi maisha yake yote. Nje king'ora cha kwanza cha tahadhari ya mlipuko kililia, kirefu, kikarudi kutoka mlimani.

Walipoacha ghorofa ya tatu goti likagoma. Borghild hakulia wala kulalama. Alisimama tu, ameng'ang'ania reli kwa mikono miwili, mguu mmoja ngazi ya juu, mwingine ngazi ya chini, hawezi kwenda wala kurudi.

"Gyda!" Sauti ya Steinar ilipanda kutoka chini, ikigonga kuta. "Uani pako wazi! Wote tumesharudi nyuma! Shuka sasa, dada!"

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri wiki zote zile, kwamba pako wazi. Hakuna mtu, hakuna kizuizi, anga ni yake, na droni imekaa juu ya bamba lake na taa yake ya kijani. Aliachia mkono. Alishuka ngazi moja, na ya pili, na ya tatu.

"Nenda, mwanangu," Borghild alisema. "Nitafika."

Hakuwa akimtazama Gyda. Alikuwa akizitazama ngazi zilizobaki, midomo ikimcheza, akizihesabu. Gyda aligeuka akamwona hivyo, na akajua kama anavyojua jina lake kwamba hatafika. Atakuwa pale pale wakati dohani itakapoanguka, katikati ya ngazi, akitazama ukuta ambao hakuichagua rangi yake. Ukuta tu, kama ule aliokataa kwenda kuutazama nyuma ya jengo.

Alipandwa na hasira kuliko siku zote zile. Alilikasirikia goti na fundi wa lifti asiyeleta lifti, akaikasirikia sheria kwa kuwa sahihi, akawakasirikia watu wa Oslo, akamkasirikia yule mama kwa kumwita mwanangu saa ile na si mapema. Machozi yalimtoka kweli sasa, naye hakuyafuta. Kisha akapanda ngazi tatu alizoshuka, akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa Borghild, akamwambia aegemeze uzito wote, wote, asione haya.

King'ora cha pili kilipolia walikuwa wamefika kwenye pumziko la ngazi chini ya ghorofa ya nne. Hapo kuna kidirisha, si cha kutazamia, ni cha kuingizia mwanga tu, kidogo kama sinia, vumbi limekifunika pande zote. Gyda alikifuta kwa mkono wa sweta. Wakaweka nyuso zao hapo, shavu karibu na shavu, na kila mmoja akasikia pumzi ya mwenzake.

Dohani ilikuwa palepale. Kisha pakatokea vumbi dogo miguuni pake, bila sauti, na sauti ikaja nyuma yake ikitikisa kioo. Kwa kitambo dohani haikufanya lolote, kana kwamba nayo inasubiri ruhusa. Halafu ikainama, polepole mno, ikiwa bado nzima, hadi ikaonekana haitaanguka bali italala, na ghafla ikakatika katikati na yote ikaenda.

Vumbi lilipanda likawa refu kuliko dohani yenyewe.

"Sikuipenda hata siku moja," Borghild alisema. "Masizi yake yalikuwa yakitua kwenye shuka nilizoanika. Kila Jumatatu nafua mara mbili."

Lakini aliendelea kukishika kizingiti cha kidirisha, na Gyda alilazimika kuungoja mkono ule uachie wenyewe.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Rolv, na haikuhitaji kuulizwa alitaka nini. Bila shaka alikuwa ameangalia juu, akaona mawingu matupu. Gyda aliiacha itetemeke hadi ikachoka. Zilizobaki walizipanda moja moja, bila haraka, kwani hapakuwa tena na cha kuwahi.

Jikoni Gyda aliondoa mkate wa asubuhi na nyaya za kuchajia, akavuta kiti karibu na dirisha. Borghild alikaa, akatandaza blanketi mapajani, akatazama. Vumbi lilikuwa likishuka. Pale palipokuwa na dohani pakaanza kujitokeza kitu ambacho dirisha lile halikuwahi kukionyesha: paa la shule, safu ya nyumba nyeupe za mbao, kamba ya nguo zilizoanikwa na mtu aliyesahau kuzianua kabla ya mlipuko.

"Maskini," Borghild alisema, akizitazama nguo zile.

Kisha akauliza karatasi iko wapi. Gyda akamwambia haina kazi tena. Borghild akanyoosha mkono hivyo hivyo, ukabaki umenyooshwa mpaka karatasi ikaja, akaomba na kalamu. Aliandika jina lake lote, taratibu, kwa mwandiko wa shule wa zamani, kwenye mstari wa wanaohusika, akaisukuma mezani.

Gyda aliitazama ile saini. Alitaka kucheka, na alitaka kupiga kelele, na hakufanya hata moja. Alimimina kahawa kutoka kwenye themosi ya mgeni wake, kwa kuwa yake ilikuwa imepoa. Simu ikaanza tena. Chini uani watu walikuwa wamerudi kwenye majani. Kutoka juu walionekana wadogo na wenye mpango, kila mmoja na kipande chake, kama ambavyo droni ingewaona. Mvua ilikuwa imeanza. Steinar alikuwa amevua koti lake akaifunika droni, naye akiendelea kukwangua na shati tu. Wengine walipofika karibu nayo waliizunguka. Kando ya benchi tupu reki moja ilikuwa imelala peke yake juu ya nyasi.

"Reki yako hiyo," Borghild alisema.

"Naiona."

"Watabandika tangazo."

"Nitashuka," Gyda alisema, akavuta kiti cha pili.